Mtoto Huyu Ametoka Wapi? Hotuba juu ya Kazi ya Dk. Denis Burkitt

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wauguzi na wataalamu wa maabara, na ninyi vijana wa mwaka wa nne na maintani, madaktari wapya mlio mafunzoni, mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa Upanga: wakubwa shikamooni, wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya daktari aliyekuwa pia mwalimu wa madaktari. Wapo wengi wa kuchagua. Nimemchukua Denis Burkitt, ambaye jina lake limebebwa na saratani moja ya watoto, kwa sababu alifanya kazi jirani yetu, Uganda, akapita na Tanganyika, na kwa sababu kifaa chake kikubwa kila mmoja wenu anacho: swali la mgonjwa ametoka wapi, na daftari la kuandikia jibu. Kwa ngazi tunazozihesabu sisi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, hakuwa mtu wa kukimbizana nazo. Kazi iliyompa jina aliifanya akiwa daktari mpasuaji wa serikali hospitali ya Mulago, Kampala, huku akifundisha wanafunzi wa Makerere.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 Enniskillen, Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali katika jimbo la Fermanagh, na baada ya saa za kazi alikuwa anakamata ndege wadogo wa bustanini, anawavisha pete mguuni ili amtambue kila mmoja, kisha anachora ramani ya eneo ambalo kila ndege analilinda. Wanaopenda kusema mtoto wa nyoka ni nyoka hapa wana ushahidi. Denis alipokuwa na miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho la kulia. Aliingia Trinity College, Dublin, kusoma uhandisi, akahamia udaktari, akahitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni mara ya kwanza, jicho hilo lilimponza, akakataliwa. Vita Kuu ya Pili ikamleta Afrika Mashariki kama daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akarudi Uganda kama mtumishi wa serikali, kituo cha Lira.

Lira ndiko alikoanza kuhesabu. Sisi wa pwani tunalijua busha tangu utotoni, hatuhitaji kufundishwa. Burkitt aliona kwamba ndani ya wilaya moja ya Lango, wanaume wa upande wa mashariki walikuwa na busha kwa wingi, na wa magharibi kwa nadra. Mpasuaji mwingine angefanya upasuaji na kuendelea na foleni. Yeye alichora ramani, na ramani ile ikalingana na ile ya minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Makala yake ilitoka mwaka 1951. Kumbukeni mfano huo, maana alichofanya baadaye kwa saratani ni kilekile.

Mwaka 1957 pale Mulago, Dk. Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya lilikuwa limevimba pande zote nne: juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto. Jipu la jino haliendi pande nne. Burkitt alimpiga picha, akabaki hana jibu. Wiki chache baadaye, akiwa ziarani hospitali ya Jinja, alitazama nje ya dirisha akamwona msichana mdogo kwenye nyasi na mama yake, sura ileile. Akatoka mbio. Msichana yule alikuwa na uvimbe wa tumbo pia.

Hapo ndipo alipofanya jambo la thamani kuliko yote, nalo halikugharimu kitu. Alirudi kwenye mafaili ya zamani ya Mulago. Akakuta kwamba uvimbe wa taya uliandikwa mahali pamoja, uvimbe wa figo pengine, wa ovari pengine, wa ini pengine, kila mmoja na jina lake, ilhali mara nyingi ulikuwa umemshika mtoto yuleyule. Yaliyodhaniwa kuwa magonjwa mengi yalikuwa ugonjwa mmoja. Makala yake ya mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza ilipita kimya. Waliosoma walikuwa wapasuaji, na hawakuona cha kuwahusu. Wapatholojia wa Kampala, yaani madaktari wa kuchunguza vipande vya mwili, Gregory O'Conor na Jack Davies, ndio waliobainisha kwamba ni limfoma, saratani ya seli za kinga. Leo tunaiita limfoma ya Burkitt.

Mgeni kutoka Afrika Kusini alipomwambia kwamba kwao uvimbe huo haupo, Burkitt alitaka kujua mpaka uko wapi. Akachapisha vipeperushi vyenye picha za watoto, akavituma hospitali za serikali na za misheni barani kote, akiuliza swali moja: mmewahi kuona hiki? Kila jibu la ndiyo lilipata alama kwenye ramani ukutani. Picha ilikuwa muhimu kuliko maelezo, kwa sababu daktari wa wodi moja ya wagonjwa huko porini hahitaji kukubaliana nawe juu ya jina la ugonjwa ili aseme sura hii naijua.

Barua zina kikomo chake. Oktoba 1961 alitoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu la Ford walilolinunua pauni 250. Williams ndiye aliyekuwa fundi. Wiki 10, karibu maili 10,000, hospitali zinazokaribia 60, kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi kusini mwa bara, na kurudi. Walikuwa wanatafuta ukingo: hospitali hii wanauona, ile ya mlimani hawauoni, tofauti ni nini?

Mwanzoni jibu lilionekana kuwa mwinuko. Uganda na Kenya, juu ya futi 5,000 uvimbe unatoweka. Lakini kadiri walivyoshuka kusini mpaka ule ulishuka nao, hadi kwenye tambarare za Msumbiji. Mwinuko peke yake haukueleza hilo. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, ndiye aliyeitafsiri ramani: kizuizi si kilima, ni baridi. Uvimbe ulikuwepo mahali ambapo joto la chini haliteremki sana chini ya nyuzi 16 za Sentigredi na mvua ya mwaka inazidi milimita 500 hivi. Hizo ndizo hali anazozipenda mbu. Na visiwa vya Unguja na Pemba, vyenye joto na mvua ya kutosha kabisa, vilikaa bila uvimbe huo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kampeni za kudhibiti malaria zilikuwa zimefika huko.

Burkitt alidhani mbu anabeba kirusi cha saratani. Hapo hakupatia. Machi 1961 alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London, na kati ya waliosikiliza alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Sampuli zikaanza kupelekwa London kwa ndege, na kwa zaidi ya miaka miwili hakikuonekana kitu. Desemba 1963 ndege ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na sampuli ilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Kila mtu angeitupa kwa kudhani imeingia bakteria. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona seli za uvimbe zilizo hai zinaelea zenyewe. Kutokana na hizo waliweza kuotesha seli maabara, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakakitangaza kirusi tunachokiita Epstein-Barr. Kirusi hicho kinapita kwa mate, si kwa mbu, na kipo duniani kote. Kazi ya mbu ni kuleta malaria: mtoto anayeugua malaria mfululizo, mwaka hadi mwaka, kinga yake inalazimika kuzalisha seli B, aina ya seli za kinga, kwa kasi huku ikishindwa kukibana kirusi, na katika zogo hilo kipande cha kromosomu ya 8 kinahamia, mara nyingi, kwenye ya 14. Jeni ya MYC, inayoamuru seli kugawanyika, inawaka na haizimiki.

Ramani ilikuwa sahihi, maelezo ya kwanza hayakuwa. Naomba mlitenganishe hilo mnapoandika tasnifu zenu. Data iliyokusanywa vizuri inadumu hata dhana ya mwenye data ikianguka.

Sisi Tanzania tuna sura yetu katika habari hii, nayo haisimuliwi vya kutosha. Mara Kaskazini, kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, watoto waligawiwa klorokwini, dawa ya malaria, ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza limfoma ya Burkitt. Wagonjwa wa limfoma walipungua, na mradi ulipokwisha wakaongezeka tena. Ungependa kushangilia. Lakini kupungua kulikuwa kumeanza kabla dawa haijagawiwa, na malaria sugu kwa klorokwini ikaingia katikati. Kwa hiyo ushahidi ule unaunga mkono, haukati shauri.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, na umri wake uliobaki aliutumia kuwahimiza Wazungu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, ugali wa dona kwa maneno yetu. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa nadra Mulago, akapima choo. Kweli alipima: watu wanameza vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, choo kinakusanywa kwenye mifuko, kinapigwa picha, zinahesabiwa saa. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa siku moja na nusu hivi. Waingereza karibu gramu 100, na siku tatu au zaidi. Mbinu ni ileile ya ramani, ila safari hii tofauti kati ya makundi mawili ni nyingi mno kuweza kusema nyuzinyuzi ndizo pekee. Baadhi ya madai yake yamesimama, mengine yameyumba. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Sasa tuje wodini, maana huko ndiko mtakakomkuta mtoto mwenye uvimbe huu.

Mtoto ana miaka kati ya 4 na 7, zaidi wa kiume. Mama anasema jino limelegea. Hapo wengi tunapotea, kwa sababu umri huo unakaribia kung'oka meno ya utoto. Meno ya utoto huanza mbele, karibu na miaka 6. Magego yakilegea kwa mtoto wa miaka 4 au 5, mawili matatu kwa pamoja, na ufizi umetuna, hiyo si zamu yake. Jipu lina maumivu, joto, mara nyingi homa, na jino bovu unaliona. Uvimbe huu hauumi sana, unapanua taya nje na ndani hadi kwenye kaakaa, na haujali dawa za kuua bakteria. Mkosi wa kawaida unakwenda hivi: zahanati inatoa dawa ya siku 5, kisha ya siku 7 nyingine, kisha jino linang'olewa, uvimbe unachomoza kwenye pengo kama kitumbua kilichofura, na wiki tatu zimepita. Seli hizi zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Wiki tatu ni nyingi sana. Papaseni tumbo, tazameni kama jicho limesukumwa mbele, muulizeni mama kama mtoto bado anatembea na anakojoa vizuri. Miguu iliyolegea maana yake uti wa mgongo umebanwa, na hiyo ni rufaa ya leo, si ya Jumatatu.

Sampuli. Mkitumia sindano nyembamba, ya namba 22 au 23, pakeni slaidi kwa wembamba, ziacheni zikauke hewani kwa rangi ya Giemsa, na andikeni jina kwa penseli kwenye ncha yenye ukungu. Kalamu ya wino inayeyuka. Mtaona seli zinazofanana mno, saitoplazimu ya buluu iliyojaa vitundu vyeupe. Mkikata kipande, kiwekeni kwenye formalini ya asilimia 10: sehemu moja ya formalini nzito ya dukani kwa sehemu 9 za maji, bafa, yaani chumvi za kuzuia asidi, ikiwepo ni bora zaidi. Ujazo wa dawa uwe mara 10 ya kipande, na kipande kisizidi unene wa milimita 5, kwani dawa inapenya polepole na katikati panaoza wakati nje pameiva. Makosa ninayoyajua mimi na kila mpatholojia wa nchi hii ni yaleyale: nyama imetumbukizwa kwenye maji ya chumvi, chupa ina mdomo mdogo, nyama imeingia laini na haitoki ikishakakamaa, jina limeandikwa kwenye kifuniko, vifuniko vikabadilishana, chupa imekaa dirishani chumba cha upasuaji ikisubiri mtu wa kuipeleka. Andikeni kwenye mwili wa chupa, pamoja na saa kipande kilipoingia.

Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi Kampala, na kisu hakikumaliza ugonjwa. Akajaribu dawa mpya za wakati ule: methotreksati, saiklofosfamidi, vinkristini. Uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, na wapo watoto waliopona kwa dozi moja au mbili tu. Hivi sasa dawa zinapangwa na timu ya saratani ya watoto, si na intani peke yake usiku wa manane. Kazi ya intani ni ile inayotangulia, na ndiyo inayookoa au kuua.

Kuyeyuka huko ndiko kwenye hatari. Seli zikifa kwa mkupuo zinamwaga potasiamu, fosfati na asidi ya yuriki. Figo zinaziba, moyo unasimama. Tuchukue mtoto wa kilo 16, urefu sentimita 105. Zidisha 105 kwa 16, gawa kwa 3,600, tafuta kipeuo cha pili: eneo la ngozi ya mwili ni mita za mraba 0.68. Maji ni lita 3 kwa kila mita ya mraba kwa saa 24, yaani lita 2 na kidogo, mililita 85 kwa saa. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, hesabu ni matone 28 kwa dakika. Msitundike maji ya dripu ya Ringer, yana potasiamu. Alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, miligramu 10 kwa kilo kwa siku, kwa mtoto huyu 160, karibu nusu ya kidonge cha 100 mara tatu, ianze saa 24 kabla ya kemo, yaani dawa za saratani, pale hali inaporuhusu. Mkojo usipungue mililita 3 kwa kilo kwa saa, kama 50 kwa huyu wetu. Dripu haiharibiki mchana. Inaharibika saa nane usiku mahali pa kanula, sindano ya dripu, panapovimba na hakuna anayetazama, na mkojo haupimwi kwa sababu hakuna aliyempa mama chombo wala kumweleza kwamba asiumwage. Potasiamu, kreatinini na kalsiamu zirudiwe kila saa 6 hadi 12 kwa siku mbili tatu za mwanzo.

Linabaki lile swali la anwani, na hapa nalalamika kidogo. Fungueni rejista za MTUHA, vitabu vya takwimu za wagonjwa, za hospitali kubwa yoyote ya jiji hili, mtaona watoto wengi wa Temeke, Mbagala, Tandika, Mabibo. Si wa huko. Mtoto ametoka Kilwa au Liwale, amefikia kwa mama mdogo Mbagala, na mama akiulizwa unakaa wapi anajibu kwa ukweli kabisa: Mbagala. Tungempa Burkitt vitabu vyetu achore ramani, angeapa kwamba ugonjwa huu ni wa Dar es Salaam. Swali la "unakaa wapi" halifai. Ulizeni hivi: "Mama, msimu wa mvua uliopita mtoto huyu alikuwa analala wapi?" Na ule wa kabla yake? Andikeni kijiji, kata na wilaya, kisha kwenye mstari mwingine andikeni alikofikia.

Kazi ya pili ya mstari ule wa kwanza ni kumpata mtoto. Limfoma hii ikirudi, mara nyingi inarudi ndani ya mwaka wa kwanza. Anayefika mwaka akiwa mzima kwa kawaida amepona. Wengi wanaohesabiwa kuwa wamepotea hawakufa: uvimbe uliyeyuka baada ya dozi ya kwanza, baba akasema mtoto mbona mzima, nauli ikakosekana. Kwa hiyo kabla hajapewa dozi hiyo, chukueni namba tatu za simu: ya mzazi, ya ndugu waliyefikia kwake hapa mjini, na ya mwenyekiti wa kijiji au mhudumu wa afya wa huko. Zipigeni zote tatu mama akiwa bado amekaa mbele yenu. Namba moja kati ya hizo haitapatikana, na mtaijua siku hiyohiyo, mkiwa bado na mtu wa kumwomba nyingine. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi na pia asemewe baba kwa simu, kwa sababu nauli mara nyingi iko mfukoni mwake, naye hakuwepo wodini mlipoeleza.

Asanteni. Mwenye swali asimame, ila tuanze na maintani wa zamu ya usiku, wakalale.